Kochi la Kuazima

Bibi Shazia binti Fundi Kamba, mjukuu wa Mkunga Mkono-Mwepesi: hilo ndilo jina lake lote, na asiyelijua lote alijue leo. Bibi yake aliwapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, na hakuna mtoto aliyemponyoka mikononi. Baba yake alisuka vitanda vya kamba ambavyo wenyewe walizeeka wakafa, vitanda vikarithiwa. Naye mwenyewe alishika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, tangu akiwa kigoli. Hakuiweka chini alipoolewa, wala alipoachwa, wala alipomzika binti yake wa pekee akabaki na kitoto cha kike kinachojifunza kusimama kwa kushika magunia ya sufi. Mwaka wa mafuriko, mtaa mzima ulipolala juu ya matope, ni yeye aliyekusanya magodoro yaliyolowa, akayapasua, akaianika sufi juu ya mabati ya watu, akaichambua na kuyashona upya yote, wala hakumdai mtu. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yako vichwani mwa watu, na vichwa vyenyewe vinaanza kupungua.

Watu walimwogopa kidogo. Si kwamba alikuwa mkali, la. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akisema hana. Ukimwuliza hali asubuhi, jibu lake lilikuwa, "Njema, hatujapungukiwa na kitu." Siku ya njaa lilikuwa hilo, siku ya paa kuvuja lilikuwa hilohilo. Siku aliyoteleza akateguka mguu, alijibu hivyohivyo akiwa bado yuko chini kifudifudi, na aliyekuja kumwinua akaona haya hata kumshika mkono.

Basi mtu wa namna hiyo anaogopa nini? Aliogopa kitu kimoja tu: kuingiliwa ndani. Wateja wake aliwapokea kibarazani, godoro likapimwa hapo, likapigwa fimbo hapo, likashonwa hapo. Nyuma ya pazia hakupita mtu. Nyuma ya pazia kulikuwa na sanduku la bati, mkeka, vyombo vichache, na godoro jembamba kama chapa ya mtu aliyelala, alilolijaza makapi ya sufi ambayo wateja waliyakataa. Kila pazia lilipotikiswa na upepo, aligeuka kuangalia kama kuna mtu anachungulia.

Kile kitoto kilichosimama kwa kushika magunia kilikua kikawa msichana mrefu. Mtaa ukamwita Futi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akinyakua utepe wa kupimia wa bibi yake na kupima kila kilichotulia: mlango, paka, mguu wa mzee aliyesinzia. Akasoma, akafaulu, akapata nafasi ya chuo kusomea upimaji wa ardhi. Ada ya chuo hicho haikuwa ya kuitaja mbele ya mgonjwa. Mwalimu wake akamwombea kwenye mfuko mmoja wa ufadhili, ule unaosomesha watoto wa familia zenye kipato kidogo. Majibu yakarudi kwamba alama zimewaridhisha, kilichobaki ni wao kuja kutembelea nyumbani.

"Wageni?" Bibi aliuliza. "Ndani?"

"Ndani, Bibi. Watakaa kidogo, watauliza maswali, wataondoka."

"Watu wa namna gani?"

"Watu wa ofisi."

Shazia ikamchoma Bibi kidoleni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ujana wake. Akakinyonya kidole.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa wote wawili. Futi hakumwambia bibi yake kwamba ufadhili ule ni wa maskini. Angelitamkaje neno hilo mbele ya Bibi Shazia? Alisema tu ni ufadhili wa "wanafunzi wanaostahili." Naye Bibi, kwa akili yake, akaelewa kwamba ufadhili ni zawadi ya mtoto mwenye bidii, na wakubwa wanakuja kuhakikisha kwamba zawadi haiendi kwenye nyumba ya aibu. Alijiona akiwafungulia pazia, wao wakitazamana, wakiziba pua, wakigeuka. Mtoto anakosa chuo kwa sababu ya mkeka.

Siku yenyewe Futi alikuwa ameitwa shuleni kuchukua cheti chake, akaahidi kurudi kabla ya wageni. Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa alikuwa mshonaji, akamkuta Bibi ameketi kibarazani, sufi imemjaa nywele, anashona kwa shazia isiyo na uzi.

"Shikamoo Bibi. Unaumwa?"

"Marahaba. Hatujapungukiwa na kitu."

"Sijakuuliza hilo, nimekuuliza unaumwa?"

Bibi akainamisha kichwa. "Wageni wanakuja. Wa ofisi, wa masomo ya Futi. Watapita ndani."

Mama Mapacha akalitazama lile pazia, ambalo miaka yote hakuwahi kulifunua, akalifunua. Akatazama. Akalishusha taratibu kama anayefunika kidonda. Halafu akapiga makofi hadi kuku wakaruka.

"Jamani! Tokeni! Mtoto wa mtaa huu akose chuo na mimi nina kochi? Nani ana zulia? Kinyozi, hebu angua hiyo saa yako ukutani!"

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake: mgeni wa mmoja ni mgeni wa wote, na aibu ya mmoja vilevile. Kochi la Mama Mapacha likaja, bado limevikwa nailoni yake ya dukani. Mlango ulikuwa mwembamba, wanaume wakaliingiza kwa ubavu, wakiguna na kulaumiana. Likaja zulia. Ikaja saa ya kinyozi. Zikaja glasi zenye maua. Feni ya muuza simu ikasimamishwa pembeni na waya wake ukafichwa nyuma ya sanduku, maana chumba chenyewe hakikuwa na pa kuichomeka. Bibi akawekwa katikati ya kochi, akaambiwa asiinuke. Nailoni ikawa inalia kila alipopumua.

Wageni wakafika kabla ya Futi. Walikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani mizito, na kijana aliyeshika kishikwambi na kuandika kwa kidole.

"Habari za hapa, Bibi?" akauliza Mama Miwani.

"Njema, hatujapungukiwa na kitu."

Kijana akaandika.

"Kazi yako ya magodoro inawatosheleza?"

"Kazi ni kazi, mwanangu. Tunashukuru."

"Kuna siku mnalala bila kula?"

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Mtu atalijibuje swali kama hilo mbele ya mgeni ambaye hata hajanywa? "Kwani humu umeona aliyekonda?" Bibi akajibu, na yeye mwenyewe mifupa ilikuwa imemtokeza mabegani. Mama Mapacha akacheka kwa nguvu ili kumsaidia, na mwili wake wote ukatoa ushahidi.

"Na vitu hivi, Bibi, ni vya nyumbani?"

Moyo ulimdunda hadi akadhani wageni wanausikia kupitia nailoni. "Vya nyumbani."

"Mfuko usipomsomesha mjukuu wako, mtafanyaje?"

"Tutajitahidi. Hatujawahi kushindwa."

Kijana akapiga picha ya kochi, na Bibi juu yake ameketi wima kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama Miwani akaitazama feni kwa muda, akashukuru kwa soda, wakaondoka.

Futi alifika jua likiwa limeinama. Alisimama mlangoni, akaliona kochi, akaiona saa, akayaona yale maua kwenye glasi. Hakukaa kwenye kochi. Aliketi chini, palepale kizingitini, cheti kikiwa mapajani.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, wameondoka wameridhika," Bibi akasema kwa furaha. "Hawakuona aibu hata moja."

"Umewaambia hivi vitu ni vyetu?"

"Ulitaka niseme ni vya nani?"

Futi hakupiga kelele. Angepiga kelele Bibi angelijua la kufanya, maana kelele za watoto alizizoea. Msichana alisema kwa sauti ndogo, akiangalia sakafu, "Bibi, ule ufadhili ni wa watoto wa maskini. Walikuja kuangalia tunavyokosa. Wakiona tunacho, wanampa mwingine."

Neno lile halikuwahi kutamkwa ndani ya chumba kile. Lilipotamkwa, Bibi alihisi kama ukuta umesogea.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya kukwambia."

"Basi kesho nitakwenda ofisini kwao. Nitawaambia ukweli."

"Usiende!" Sasa Futi alikuwa analia. "Wana sheria yao. Anayesema uongo wanamfuta kabisa, na jina lake halirudi tena. Ukinyamaza, tunaonekana tunacho. Ukisema, tunaonekana waongo. Umenifunga huku na huku, Bibi."

Majirani walikuja kuchukua vitu vyao kimyakimya, wakipokezana kama watu wanaotoka kuzika. Kochi peke yake lilikataa. Waliliinamisha, wakalisimamisha, likakwama. Wakasema watarudi kesho na mtu mwenye akili ya milango. Bibi akalala chini ya kivuli cha kochi lile, macho yakiwa wazi. Hofu ilimkaa kama sufi iliyolowa, ambayo haikauki na kila ukiigusa inazidi kuwa nzito. Alikuwa ameshazika. Alikuwa ameshaachwa. Lakini hakuwahi kuogopa hivi, kwa sababu safari hii mkosaji alikuwa yeye, na atakayelipa alikuwa mtoto.

Asubuhi alitoka Futi akiwa bado amelala. Alikwenda kwa miguu hadi kwenye lile jengo la ofisi, akampita mlinzi bila kuthubutu kumtazama, akaelekezwa kwenye korido yenye mabenchi. Watu walikuwa wameshajaa, wazazi na walezi kama yeye, kila mmoja kajibana kwenye nguo zake. Aliyekaa karibu naye, baba mmoja mwenye ndevu za mvi, alikuwa mwongeaji.

"Nyinyi wameshakuja kwenu?" akamnong'oneza.

"Wamekuja."

"Kwetu wanakuja wiki hii. Mimi nimeshahamisha redio, iko kwa shemeji. Mke wangu kaficha hata masufuria mazuri. Mtu usijiponze, bwana. Nyinyi mlitoa nini?"

"Sisi... sisi hatukutoa kitu," Bibi akasema.

"Aah! Nyinyi mna roho ngumu!" akasema yule baba kwa heshima, na Bibi akatamani benchi limmeze. Kumbe dunia nzima ilijua kwamba vitu hutolewa. Yeye peke yake aliingiza.

Alipoitwa, akaingia. Mama Miwani alikuwa nyuma ya meza, akamtambua mara moja.

"Karibu, Bibi. Habari za nyumbani?"

"Njema, hatujapungu..." Bibi akajiziba mdomo kwa kiganja. Ulimi wake ulikuwa umemtangulia. Akakaa hivyo, mkono mdomoni, jasho likimtoka, na Mama Miwani akasubiri.

"Lile kochi," Bibi akasema hatimaye, "si letu."

"Si lenu."

"Wala saa. Wala glasi. Wala ile feni."

"Feni niliishangaa," akasema Mama Miwani. "Niliutafuta umeme ukutani sikuuona." Hakutabasamu. Akavua miwani, na macho yake bila miwani yalionekana yamechoka. "Lakini Bibi, jana uliniambia jambo, leo unaniambia jingine. Hapa nje wapo watu wengi, na kila mmoja ana maneno yake. Mimi nitajuaje lipi ndilo?"

Bibi alitaka kusema kwamba kuna siku humwambia Futi kwamba yeye ameshakula, halafu anakunywa maji. Hilo hakulisema. Aliona tu picha ya Futi kizingitini. "Nifuteni mimi," akasema. "Mtoto hakuwepo. Uongo ni wangu, mtoto mwacheni."

Mama Miwani akasimama, akachukua funguo za gari. "Twende kwenu. Sasa hivi, bila kupiga simu kwa mtu."

Garini Bibi alikaa mbele, ukanda umemkaba, na hofu mpya ikamjia njiani ikampiga kama kofi: kochi! Kochi bado limo ndani. Atafika na huyu mama, atalikuta limekaa kifalme katikati ya chumba, na itakuwa mara ya pili. Akaanza kusema, akaogopa kwamba kila atakalosema litaongeza uongo, akanyamaza. Kila kona waliyokata ilimsogeza karibu na kochi.

Walipoingia mtaani, kochi lilikuwa nje. Majirani walikuwa wamelitoa kwa ubavu hatimaye, wamelibeba hewani, kinyozi mbele anarudi kinyumenyume, Mama Mapacha nyuma anatoa amri. Bibi akashusha pumzi. Ndipo Mama Mapacha alipogeuka akaliona gari.

"Wamerudi!" akapiga ukelele wa kusikika hadi mtaa wa pili. "Wamerudi jamani! Rudisheni! Rudisheni ndani! Kinyozi, saa! Glasi ziko wapi? Nani kakalia zulia?"

Mtaa ukalipuka. Kochi likageuzwa likaanza kurudi mlangoni kwa kasi, likamgonga kinyozi magotini. Mtu akapita mbio na zulia begani. Muuza simu akatokea na feni ameikumbatia kama mtoto. Bibi alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono yote miwili, anatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini walidhani anawahimiza wakazidisha mbio.

"Bibi," Mama Miwani akauliza polepole, injini bado inanguruma, "watu hawa wana nini?"

"Wananisitiri," Bibi akasema, na sauti yake haikutoka vizuri.

Wakashuka. Mama Mapacha akasimama mbele ya mlango, anahema, jasho linamchuruzika, kochi nyuma yake limekwama nusu ndani nusu nje.

"Kochi hili ni la nani?" Mama Miwani akamwuliza.

"La Bibi!" Mama Mapacha akajibu bila kupepesa. "La kwake kabisa. Na saa, na feni. Bibi huyu ana uwezo, mama, usimwone hivi. Kwanza ana shamba!"

Majirani wakaitikia kwamba ndiyo, analo, tena kubwa. Walikuwa wanamwangalia Bibi kwa upendo wote, kila mmoja tayari kuapa. Na Bibi akaona kwamba asiposema sasa, Futi amekwisha. Na akaona vilevile kwamba hapa si ofisini, penye mtu mmoja mgeni. Hapa ni mbele ya watoto wa wale aliowashonea magodoro mwaka wa mafuriko. Akashika mkono wa kochi.

"Ni lako, Mama Mapacha," akasema. "Mimi sina kochi. Sina shamba. Sina umeme. Mtoto wangu ana akili na mimi sina cha kumsomeshea. Sina."

Kinyozi aliitazama saa mikononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mama Mapacha akakaa juu ya kochi lake, na nailoni ikalia. Wanaume wakalivuta kochi kando na yeye juu yake, Bibi akapita, akalifunua lile pazia kwa mkono wake mwenyewe, akasimama kando ili mgeni apite.

Mama Miwani aliangalia, hakupiga picha. Alipotoka alisema tu, "Nitaandika nilichokiona, jana na leo. Wanaoamua ni wengine, Bibi. Sikuahidi kitu." Akaondoka.

Kungoja kulikofuata kulikuwa kubaya kuliko yote. Bibi alishona magodoro yakatoka mapindo yasiyonyooka. Gari lolote likipita, aliinuka kutazama. Usiku Futi alimsikia akizungumza peke yake, akirudia yale maswali na kuyajibu upya. Simu ya Futi ilipolia wakiwa kibarazani mchana mmoja, wote wawili waliiangalia bila kuigusa, ikalia ikanyamaza, ikalia tena.

Alikubaliwa. Ada ya chuo, vitabu na malazi. Futi aliruka, akalia, akampima bibi yake kwa mikono kutoka bega hadi bega kama alivyokuwa akifanya utotoni. Bibi alicheka. "Na wamesema nini tena?" akauliza.

"Wamesema kila mwaka wa masomo ukianza, nitakwenda mbele ya kamati niwaeleze hali ya nyumbani. Mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ndipo waendelee kulipa."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia tunashukuru, tunaendelea vizuri," Futi akasema.

Bibi akaiweka shazia chini. Alimtazama msichana yule, pua ya binti yake, shingo ya binti yake, na mdomo, masikini, mdomo ulikuwa wake yeye Bibi mtupu. Kila mwaka! Na yeye hatakuwapo kila mwaka kumziba mdomo.

"Hebu simama," akasema.

"Kuna nini, Bibi?"

"Mkaa umekwisha. Nenda kwa Mama Mapacha ukaombe."

"Bibi, tungoje tu kesho mteja wa..."

"Nenda sasa. Atakuuliza habari za nyumbani. Usimwambie njema. Mwambie hatuna mkaa. Sema hivyohivyo, hatuna, na useme kwa sauti, nikusikie nikiwa hapa."

Futi alisimama, akajivuta, akafika katikati ya ua, akageuka.

"Nenda," Bibi akasema. "Nakusikiliza."